Nimeandikiwa kipimo cha HSG: nijiandae vipi, na je, kinauma kama wanavyosema?

"Daktari, nina miaka 33. Mimi na mume wangu tumetafuta mtoto kwa miaka miwili bila mafanikio. Kabla ya hapo mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi miwili na nusu, nikasafishwa. Sasa nimeandikiwa kipimo cha HSG cha kuangalia mfuko wa uzazi na mirija. Nilipewa karatasi tu, nikaambiwa nirudi hedhi ikiisha. Hedhi yangu haina mpangilio: inaweza kuja baada ya siku 28, au ikachelewa hata siku 45, na ikija hukaa siku sita au saba. Pia kwa wiki mbili sasa natokwa na uchafu wenye harufu, ila nilikosa ujasiri wa kusema. Rafiki yangu aliyepima anasema uchungu wake ni kama wa kuzaa. Mwingine anasema kipimo hiki huzibua mirija na mwezi unaofuata unashika mimba. Shangazi yangu anasema ile dawa hubaki tumboni na mionzi huchoma mayai. Je, nifunge kula? Nijiandae vipi? Na nikiogopa, naweza kukataa?"

Dada yangu, umeuliza mengi kwa pamoja na yote yana msingi. Lakini naanza na lile ulilolitaja katikati kana kwamba ni la kupita: uchafu wenye harufu. Usikubali kufanyiwa HSG ukiwa katika hali hiyo. Rudi kwa daktari aliyekuandikia kipimo, umwambie waziwazi kwamba unatokwa na uchafu, ni wa rangi gani, kama unawashwa, na kama unaumwa chini ya kitovu au wakati wa tendo la ndoa. Naielewa aibu uliyo nayo. Kwa daktari, hata hivyo, hilo ni jambo la kila siku, na ukilificha ndilo linaloweza kukudhuru kuliko uchungu, mionzi na dawa ukivijumlisha.

Ili uone kwa nini nasisitiza, elewa kwanza kipimo chenyewe kinavyofanyika. HSG ni picha ya eksirei. Mfuko wa uzazi na mirija ni nyama laini, na eksirei peke yake haiwezi kuitofautisha na nyama nyingine za tumboni. Kwa hiyo daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi na kusukuma taratibu dawa ya majimaji yenye iodini, ambayo huonekana wazi kwenye picha. Wengi hudhani ndani ya mfuko wa uzazi kuna uwazi mkubwa. Kwa mwanamke asiye na mimba, ukuta wa mbele na wa nyuma huwa vimelaliana, na dawa ndiyo inayovitenganisha kidogo. Kutoka hapo dawa huingia kwenye mirija, ambayo pale inapoungana na mfuko ina tundu la milimita 1 au pungufu, husafiri hadi mwisho wake na kumwagika ndani ya tumbo. Mmwagiko huo ndio tunaousubiri kwenye skrini. Ukionekana pande zote mbili, mirija ina njia. Kwa wanawake wengi mililita 5 hadi 10 za dawa hutosha.

Sasa angalia njia hiyo ilivyo: inaanzia ukeni na kuishia tumboni. Kwa kawaida mlango wa kizazi hulindwa na ute mzito unaozuia vijidudu kupanda. Kipimo hiki huupita ulinzi huo, na kama kuna vijidudu pale mlangoni, dawa inaweza kuvisukuma hadi kwenye mirija, mahali penyewe tunapotaka kupalinda. Kwa mwanamke asiye na maambukizi hatari ni ndogo: katika wanawake 100, mmoja hadi watatu hivi hupata maambukizi baada ya HSG. Kwa mwenye mirija iliyotanuka na kujaa maji kutokana na maambukizi ya zamani, hatari hupanda sana. Mwanamke anayetafuta mtoto hapaswi kuhatarisha mirija yake kwa kipimo ambacho kingeweza kusubiri mwezi mmoja.

Usiende kujinunulia antibayotiki pia. Uchafu wenye harufu unaweza kutokana na mvurugiko wa bakteria wa ukeni, au magonjwa ya zinaa kama trikomona, klamidia na kisonono, au mchanganyiko wa hayo, na dawa zake hazifanani. Ikionekana ni trikomona, klamidia au kisonono, mumeo naye atibiwe kwa wakati mmoja na wewe, vinginevyo mtaambukizana upya na mtarudi mlipoanzia. Ukishapona, mweleze atakayekufanyia kipimo kwamba ulikuwa na tatizo hilo. Miongozo ya ACOG, chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, haipendekezi antibayotiki za kinga kwa kila mwanamke anayefanya HSG. Huwalenga waliowahi kuugua maambukizi ya nyonga na wale ambao mirija yao inaonekana imetanuka, na dawa inayotumika ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 5. Kama wewe uko katika kundi hilo, daktari wako aamue baada ya kusikia historia yako yote, pamoja na ile ya kusafishwa.

Jambo la pili ni tarehe. "Urudi hedhi ikiisha" ni maelekezo mafupi mno kwa mtu ambaye hedhi yake inabadilikabadilika. Tunacholenga ni kati ya siku ya 6 na ya 10 ya mzunguko, damu ikiwa imekata. Siku ya kwanza ni ile damu nyekundu inapoanza kutoka sawasawa, kiasi cha kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku moja au mbili kabla yake usiyahesabu. Dirisha hili limewekwa hivyo kwa sababu wakati huo utando wa ndani wa mfuko ni mwembamba, kwa hiyo picha hutoka safi, na yai halijapevuka bado, kwa hiyo hakuna mimba changa inayoweza kuvurugwa au kupigwa mionzi. Wewe ambaye damu yako hukata siku ya 6 au 7, lenga siku ya 8 au ya 9.

Je, mzunguko unaoyumba kati ya siku 28 na 45 unaharibu hesabu? Hauharibu kama unavyoogopa. Mzunguko unapochelewa, mara nyingi kinachorefuka ni kile kipindi cha kabla ya yai kupevuka, kwa hiyo siku ya 8 au 9 bado ni mapema. Tatizo la mwenye hedhi isiyo na mpangilio liko kwingine: anaweza kuona damu kidogo, akadhani ni hedhi, kumbe ana mimba. Ndiyo maana nakuomba mambo mawili kwa pamoja. Tangu siku ya kwanza ya hedhi hiyo hadi kipimo kifanyike, msikutane kimwili. Na asubuhi ya kipimo, pima mkojo. Kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi, kwa sababu mimba ya siku chache haionekani, na kujizuia peke yake hakutoshi, kwa sababu ile damu yenyewe huenda haikuwa hedhi. Kama hedhi ya mwezi huo imekuja nyepesi kuliko ulivyozoea, au imekuja siku mbili tu ikakata, sema kabla hujapanda kitandani. Na ikikawia kabisa, daktari akishahakikisha huna mimba anaweza kukupa dawa ya homoni ya kuileta.

Ulizia mapema hospitali yako hufanya HSG siku zipi za wiki, kisha hedhi inapoanza piga simu siku hiyohiyo uombe nafasi. Wanawake wengi hupoteza mwezi mzima kwa sababu walisubiri damu ikate ndipo wakaanza kutafuta nafasi.

Kuhusu uchungu, rafiki yako anasema kweli yake. Siwezi kukuambia hutasikia kitu. Wengi husikia maumivu kama ya hedhi iliyo kali, hasa katika zile dakika chache dawa inapoingia, kisha yanapungua haraka. Baadhi husikia kubanwa tu. Wachache huumia sana. Maumivu huja kwa sababu mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli huo ukitanuliwa kwa ghafla hujikaza. Dawa ikisukumwa haraka, msuli hukaza zaidi, na mirija ikiwa imeziba shinikizo halina pa kutokea. Kwa hiyo mwendo wa mkono wa anayekupima una maana kubwa, na ni haki yako kumwomba mapema: "Naomba upitishe dawa polepole, na nikikwambia simama, usimame." Daktari mzuri hatachukia ombi hilo.

Kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla ya kipimo, ukiwa umekula, husaidia kupunguza ule mkazo. Ukiwa na mojawapo ya hayo, uliza juu ya parasetamoli. Na kama uchunguzi wa kawaida wa ukeni hukuumiza sana, au uliwahi kutendewa vibaya mwilini na hali ya kulala namna ile inakurudisha kwenye hofu hiyo, mweleze daktari faragha siku chache kabla. Zipo njia za kukusaidia, ikiwemo dawa ya kutuliza, lakini zinahitaji kupangwa.

Kufunga kula hakuhitajiki. Hupewi dawa ya usingizi, na tumbo tupu pamoja na woga ndivyo vinavyomfanya mtu aishiwe nguvu na kuzimia. Kula chakula chepesi, kunywa maji, kisha kojoa kabla ya kuanza. Hutakiwi kubana mkojo, hilo ni la ultrasaundi ya juu ya tumbo. Ukiambiwa utapewa dawa ya kulaza, hapo ndipo utafuata masharti ya kufunga uliyopewa. Oga kama kawaida, ila usijisafishe ndani ya uke kwa sabuni, majimaji yoyote au dawa za kuweka, kwa sababu hayo huvuruga ulinzi wa uke bila kukusafisha lolote. Kunyoa si lazima. Vaa sketi au gauni pana, acha vito nyumbani, beba pedi mbili tatu, na uende na mtu wa kukurudisha. Kabla ya kuanza, taja mzio wowote uliowahi kupata, hasa wa dawa za picha au iodini, pumu, ugonjwa wa tezi ya shingo, na kila dawa unayotumia.

Ukishalala kwenye meza ya eksirei, utakunja magoti, kifaa cha kupanulia uke kitawekwa, mlango wa kizazi utasafishwa kwa dawa ya baridi, kisha ule mpira utapita. Wakati mwingine mlango hushikwa kwa kifaa ili utulie, na hapo utasikia mfinyo. Halafu dawa inaingia, na unaweza kuambiwa ugeuke kidogo upande mmoja na mwingine. Yote kwa pamoja huchukua kama nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo ni maandalizi. Toa pumzi nje polepole dawa inapoingia. Wengi huizuia bila kujua, na tumbo lote hukaza.

Huyo mwingine aliyekuambia kipimo huzibua mirija ana chembe ya ukweli. HSG ni kipimo, si tiba, na mirija iliyoshikwa na makovu haizibuliwi na dawa hii. Hata hivyo, utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2017, wenye wanawake 1,119 wa chini ya miaka 39 ambao hawakuwa na dalili za kuziba mirija, ulionyesha kwamba ndani ya miezi sita asilimia 39.7 ya waliowekewa dawa ya picha iliyo ya mafuta walipata mimba iliyoendelea, dhidi ya asilimia 29.1 ya waliowekewa ile ya maji. Kwa hiyo aina ya dawa ina uzito, na unaweza kuuliza itakayotumika ni ipi. Lakini ya mafuta ina iodini nyingi inayokaa mwilini muda mrefu na inaweza kuvuruga tezi ya shingo, kwa hiyo tezi yako ipimwe kwanza. Na wewe si sawa na wanawake wa utafiti ule, kwa sababu umesafishwa na sasa una dalili za maambukizi. Usiende ukiwa umejiahidi mimba ya mwezi unaofuata.

Shangazi mtulize. Dawa ya maji hufyonzwa na kutoka kwa mkojo ndani ya muda mfupi. Ile ya mafuta huchukua muda mrefu zaidi, ila nayo hufyonzwa. Mionzi ya HSG ni kidogo, kwa kawaida haizidi ile ya asili ambayo mwili wa mtu yeyote hupokea kwa mwaka mmoja, na hakuna ushahidi kwamba huchoma mayai.

Kabla ya kupata majibu, naomba ujue yanavyopaswa kusomwa, maana nimeona wanawake wakilia kwa neno moja lililoandikwa kwenye karatasi. Kama imeandikwa mrija umeziba pale unapoanzia, karibu na mfuko, huenda haujaziba. Msuli wa sehemu ile hujikaza kwa maumivu au woga na kufunga njia kwa muda, au ute mzito huziba. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba HSG hugundua takriban asilimia 65 ya mirija iliyoziba, na hutoa jibu sahihi la "wazi" kwa takriban asilimia 83 ya mirija isiyoziba. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila mtu hapelekwi kwenye upasuaji kwa karatasi hiyo peke yake. Pia hakionyeshi vizuri mshikamano wa nje ya mirija wala endometriosisi, yaani utando wa mfuko wa uzazi unaoota nje ya mfuko, na hakiwezi kuona umbo la nje la mfuko.

Kwa historia yako kuna jambo jingine ningetaka liangaliwe: makovu ndani ya mfuko, ambayo yanaweza kubaki baada ya kusafishwa. Kwenye picha huonekana kama mapengo ambayo dawa haikujaza, lakini mapengo hayohayo yanaweza kuwa vinyama, uvimbe mdogo au hata viputo vya hewa vilivyoingia na dawa. Je, baada ya kusafishwa hedhi yako ilipungua wingi? Kama ndiyo, mwambie daktari, kwa sababu pengine kuchungulia ndani ya mfuko kwa kamera ndogo, yaani histeroskopi, kutakufaa zaidi. Kamera huona makovu yenyewe, na mara nyingi huweza kuyakata palepale. Haioni mirija kwa urefu wake, ila huona milango yake.

Na hapa nijibu swali lako la mwisho. Naam, unaweza kukataa, na unaweza kuahirisha. Ipo ultrasaundi inayotumia maji au povu badala ya eksirei, haina mionzi na kwa wengi ile ya povu huumiza kidogo kuliko HSG, ingawa haipatikani kila mahali na hutegemea sana uzoefu wa anayeifanya. Upo pia upasuaji wa matundu, unaoona mirija kwa nje na kujaribu njia yake kwa rangi, ila huo unahitaji usingizi na hauanzwi nao bila sababu.

Kabla ya kuchagua lolote kati ya hayo, mumeo amepima mbegu? Hukumtaja. Kipimo chake hakiumi, anachotakiwa ni kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga mbegu kisha atoe sampuli, na katika sehemu kubwa ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mke. Na hedhi inayoyumba hadi siku 45 ni dalili yenyewe: huenda yai halipevuki kila mwezi, jambo ambalo HSG haiwezi kuligundua. Omba vipimo vya homoni, ikiwemo ya tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa), pamoja na ultrasaundi ya ovari, yaani vifuko vya mayai. Kwa mtu mwenye umri wako aliyesubiri miaka miwili, haya yote yaende pamoja, si kimoja baada ya kingine kwa miezi. Ningeanza na matibabu ya uchafu, mbegu za mume na homoni mwezi huu, kisha HSG mzunguko utakaofuata ukiwa umepona.

Baada ya kipimo utatokwa na majimaji yanayonata na matone ya damu kwa siku moja au mbili, na tumbo linaweza kukata kidogo. Tumia pedi, usiweke kitu ukeni, na msikutane kwa siku mbili. Kama hakuna tatizo lililoonekana, wengi huruhusiwa kuendelea kutafuta mtoto mzunguko uleule, na asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku uianze sasa hivi bila kusubiri kipimo. Lakini ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, uchafu wenye harufu, damu inayolowesha pedi nzima kwa saa moja, vipele mwilini au kubanwa pumzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie kwamba umefanyiwa HSG na lini.